Mkono wa Mke Mwenzangu Shingoni

Wapo watu wanaosikia kichwani mwao sauti ambayo jirani yao haisikii, nao hunyamaza kwa kuogopa kuitwa wendawazimu. Mimi nilinyamaza tangu mvua zilipokatika mpaka pamba ilipokwisha kuvunwa. Kwa ajili ya hao nimeona nisimulie. Mambo ya ndani ya ubongo siyajui. Najua yaliyonipata, na najua dawa nilizozikubali na nilizozikataa, na ile moja niliyoipokea kwa mtu ambaye sikudhani nitapokea kwake hata maji ya kunywa.

Jina langu ni Nyamizi. Nilizaliwa upande wa Maganzo katika nyumba ya wafugaji, nikaolewa Shinyanga mjini na Bwana Sefu, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Ujiji. Niliolewa mke wa pili. Mke wa kwanza alikuwa Mama Ramadhani, mwenyeji wa Tabora, mtu mzima kuliko mimi, mrefu, mwenye vidole virefu vya kusuka ukili. Hakunitukana hata siku moja. Alisema nami habari za chumvi, za maji na za kuni, basi. Ilipofika miaka saba ya kukaa ua mmoja, nilikuwa simjui, naye alikuwa hajaniita kwa jina la mwanangu, Mama Zena, kama majirani walivyoniita. Aliniita Nyamizi, kama mtu aitwavyo na wakubwa wake.

Siku hizo dhahabu ya Geita ilikuwa inavuta kila mwenye miguu. Bwana Sefu alijenga kibanda cha nyasi karibu na machimbo, akawa anauza unga, chumvi na sabuni kwa wachimbaji, nami nikawa naenda naye kupika wali na maharage. Tulisafiri juu ya lori, tumekalia magunia. Safari moja ya masika, tulipoipita Segese, lori likateleza kwenye tope jeusi la mbuga, likalala ubavu. Nilianguka chini na mizigo ikanifuata. Kona ya sanduku la sabuni ilinipiga juu ya jicho la kulia, na mkono wa kushoto ukavunjika chini ya kiwiko. Mzee mmoja wa Kisumbwa aliuunga kwa vijiti na kamba za magome. Uliungana, lakini ulibaki mwembamba, usio na nguvu ya kukamua hata nguo.

Jicho lenyewe lilivimba, likavuja, likapona. Kila mtu akasema nimepona. Ndipo sauti ilipoanza.

Ilikuwa kama mvukuto wa mhunzi. Vuu, vuu, vuu, ikienda pamoja na moyo wangu. Nikipanda ngazi za soko, inakwenda mbio. Nikilala ubavu wa kulia, inanijaa kichwa chote. Mwanzoni nilitoka nje kutafuta inakotoka. Nilimwuliza Zena, aliyekuwa na umri wa kupoteza meno ya mbele, kama anasikia kitu. Akasikiliza kwa bidii, akasema, "Nasikia kuku, mama." Sikuuliza mtu mwingine.

Kisha jicho likaanza kujitokeza. Si uvimbe wa jipu. Lilisogea mbele polepole, likawa jekundu kama pilipili iliyoiva, na ukitazama kwa makini uliliona likipigapiga. Nikawa naona vitu viwili viwili. Nilimimina maji kando ya mtungi. Mume wangu akaacha kunitazama usoni tunapozungumza, na kwa mtu aliyependa kutazamwa kama mimi, hilo liliniuma kuliko kichwa.

Kwanza aliitwa maalimu. Aliandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, nikanywa. Nilimshukuru, maana alizungumza nami kwa upole, na kwa siku chache nililala. Sauti haikuondoka. Baada yake akaja mtu wa kupiga chuku, aliyesifiwa mtaa mzima kwa kutoa maumivu ya kichwa. Alinichanja karibu na kipaji, akaibandika pembe, akavuta. Damu iliyotoka haikuwa ile nzito inayotoka kwa watu wengine. Ilirukaruka kwa mapigo. Yule mtu akaitoa pembe, akaikandamiza ile chale kwa kanga mbili na jivu. "Bwana Sefu," alisema, "huyu sitamgusa tena. Mpeleke kwa serikali." Nawaomba mnaonisikia: jicho likitoka na kupiga, asije mtu akawachanja hapo.

Hospitali ya serikali ilikuwa na baraza ndefu yenye benchi za mbao. Asubuhi ilijaa watu waliongojea sindano ya buba, kina mama na watoto wenye vidonda, wanaume waliofungwa matambara miguuni. Nilipoketi, benchi ikawa tupu pande zangu zote mbili. Mama mmoja aligeuza mtoto wake uso ukutani. Katika nchi yetu jicho jekundu la mwanamke lina jina lake, mchawi, na jina hilo limewaua wengi. Nilikuwa bado kijana, nikadhani jina hilo ni la vikongwe. Siku ile nilivuta ushungi wangu ukafunika upande wa kulia, nikakaa hivyo mpaka jua lilipofika juu ya paa.

Daktari alikuwa Mhindi mfupi mwenye sauti ya chini, mzoefu wa Kiswahili cha pwani. Alinitazama jicho bila kurudi nyuma. Kisha akachukua ule mpira wa kusikilizia moyo. Badala ya kuuweka kifuani, akaniambia nifumbe macho, akauweka juu ya kope. Akasikiliza. Akauhamishia kwenye paji, nyuma ya sikio, akarudi kwenye kope.

"Tangu lini unaisikia?" akaniuliza.

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. "Naisikia nini, Bwana Mganga?"

"Hii inayovuma."

Nililia pale pale kitini. Bwana Sefu akadhani nimeambiwa nitakufa. Daktari akamtia mume wangu mpira masikioni, akauweka tena juu ya jicho langu, nikaona uso wa Bwana Sefu ukibadilika. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Mama Zena, na hii unakaa nayo mchana kutwa?" Nikamjibu, "Na usiku." Hiyo ilikuwa rehema ya kwanza niliyoipata katika ugonjwa ule, na hata leo sijui kama ipo dawa iliyonisaidia kuliko hiyo.

Daktari alitueleza kwa maneno machache. Nyuma ya jicho, ndani ya kichwa, mshipa wenye nguvu ulikuwa umepasuka ndani ya mshipa dhaifu, damu ikapata njia isiyokuwa yake. Bwana Sefu akauliza dawa.

"Dawa ya kunywa hakuna," alisema daktari. "Tukiuacha, wengine hukaa hivyo miaka, jicho likafa. Wengine damu huwamwagikia kichwani, na hao hatuwawahi. Ulaya nasikia wanajaribu kuchoma kwa mwanga wa eksirei, lakini huko hatufiki. Iliyobaki ni kuufunga mshipa mkubwa wa shingoni. Mpasuaji yuko Mwanza."

"Basi tukaufunge," akasema mume wangu.

"Ngoja kwanza."

Akanipa gunzi la hindi nilishike kwa mkono wa kushoto. Akaniwekea kidole gumba shingoni, upande wa kulia wa koo, akabonyeza ndani mpaka mfupani. Ile sauti ikakatika. Sikuwahi kuwaza kwamba itakatika. Nikafungua kinywa nimwambie. Kabla sijasema, mkono wa kushoto ukafa ganzi, chumba kikazunguka, gunzi likaanguka. Akaachia. Vuu, vuu, ikarudi.

"Umeona," alimwambia Bwana Sefu. "Nikimpeleka akafungwe leo, nusu ya mwili itakufa. Ubongo wake haujazoea kulishwa na upande mmoja. Inabidi ufundishwe. Abonyezwe kila siku, kidogo kidogo, mpaka aweze kuvumilia. Kwa kawaida mgonjwa hujibonyeza mwenyewe, kwa mkono wa upande wa pili, ili hatari ikija mkono uanguke wenyewe." Akautazama mkono wangu wa kushoto, ulivyokuwa mwembamba. "Huu hauwezi. Na wa kulia simpi ruhusa, maana wa kulia hautakufa ganzi, utaendelea kubonyeza. Atafutwe mtu nyumbani."

Mtu wa kwanza alikuwa mume wangu. Tulijaribu chumbani, mimi nimelala mkekani, yeye amepiga magoti. Akiufikia mshipa na kuusikia unavyoruka chini ya kidole, alilegeza. Akajaribu tena, akalegeza. Mwisho akaniambia, "Nyamizi, najiona nakuchinja," akatoka. Sikumlaumu, lakini wiki ile alipata haja ya kwenda Geita, na wiki iliyofuata pia, na kila aliporudi alikuwa na haja nyingine. Jirani yetu mmoja alikubali, akaja, akauona ule mkono wangu ukilegea, hakurudi.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, nimejifunika jicho. Mama Ramadhani alikuwa upande wa pili wa ua akisuka ukili. Bila kuinua macho akasema, "Wanabonyeza wapi?"

Nikamwonyesha kwa mbali.

"Nipeleke kwa huyo daktari anionyeshe mwenyewe. Sipendi kufundishwa kitu na mtu asiyekijua."

Tulikwenda kesho yake. Alijifunza mara moja. Daktari alipomwambia asiogope, alijibu, "Kwa nini niogope? Shingo si yangu." Dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, akacheka. Mimi sikucheka.

Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, alivuka ua na mkeka wake. Nililala chali, gunzi mkononi. Yeye aliketi kichwani kwangu, mkono mmoja shingoni mwangu, mkono wa pili umeshika tasbihi. Hatukuwa na saa. Alipima kwa tasbihi: siku za kwanza punje chache tu, kisha zaidi. Nilizisikia zikigongana ile sauti ya kichwani inapokatika. Nilimtazama kidevu chake kutoka chini, na kila siku nilifikiri wazo lile lile: huyu mtu nilimkuta katika nyumba yake.

Mvua za vuli zikaja, watu wakapanda. Mkono wangu ukaanza kuvumilia. Nilikuwa bado natapika asubuhi kwa maumivu ya kichwa, na jicho halikurudi nyuma hata kidogo, lakini ile ganzi ilichelewa kuja. Mama Ramadhani akaanza kuniletea uji, kwa sababu, alisema, hakutaka nizirai mikononi mwake kwa njaa.

Kisha ikaja siku ya chumba.

Bwana Sefu alirudi kutoka machimboni, akaamua kwamba mgonjwa asikae chumba cha upande wa jua. Chumba chenye ubaridi kilikuwa cha Mama Ramadhani, alichokaa tangu alipoolewa, alimozaa wanawe. Mume wetu akamwambia asubuhi, mbele yangu, tubadilishane. Mimi nilisema si lazima. Akasema ameshasema. Mama Ramadhani aliinuka. Alikunja mikeka yake, akabeba sanduku lake kichwani mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mpaka adhuhuri kitanda chake kilikuwa ng'ambo ya ua.

Alasiri akavuka na mkeka wake kama kawaida. Nikalala. Akanishika. Sauti ikakatika, nami nikaanza kusikia tasbihi, moja, nyingine, nyingine. Kilichofuata sikukiona. Nakumbuka utamu wa kulala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu lori lilipoanguka. Nilipozinduka, Zena alikuwa analia karibu na uso wangu, na Mama Ramadhani ananimwagia maji. Nilitaka kumwambia Zena asilie. Maneno yakatoka kama matope. Upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa umeshuka, na mkono wa kushoto ulikuwa umelala kando yangu kama kitu cha mtu mwingine. Gunzi lilikuwa chini, limeangukia pindo la kanga. Halikutoa mlio.

Daktari alikuja mwenyewe nyumbani. Alisema mkono umekaa shingoni zaidi ya kiasi. Hakuuliza kwa nini. Siku chache zikapita nikaanza kukunja vidole, ulimi ukawa mwepesi kidogo, lakini habari zilikuwa zimeshafika Maganzo. Kaka yangu Masanja akaja na mkokoteni wa ng'ombe. Alimsalimu Bwana Sefu kwa adabu, "Mwadila," kama kwetu wanavyosalimu mchana, kisha akageuka kwa Mama Ramadhani bila salamu.

"Umemkaba dada yangu."

Mama Ramadhani alikuwa amesimama mlangoni mwa kile chumba cha jua. Akamtazama, kisha akanitazama mimi, akangoja. Nilijua anangoja nini. Nilikuwa na uwezo wa kutikisa kichwa, kusema hapana hata kwa ishara. Lakini sikujua. Kwa kweli sikujua. Nikatazama chini.

"Mchukueni," akasema. "Mimi simgusi tena."

Nyumbani kwa kaka yangu nilipokewa kwa maziwa. Mfumu, ndiye mganga wetu wa Kisukuma, aliitwa, akasema ni mizimu ya upande wa bibi yangu inataka nivae shanga zake. Nilivaa. Sikuwa na ugomvi na bibi yangu. Mfumu huyo alikuwa mtu mzima mwenye heshima, hakunichanja, na shanga zilinifariji. Lakini ule ulikuwa wakati wa njaa, kabla mtama haujaiva, na watu wenye njaa hutazamana sana. Mke wa Masanja alikuwa na mtoto mchanga. Niliona kwamba nikiingia, anamfunika. Halafu akawa anamtoa nje kabisa. Ndama wa jirani akafa. Wanawake kisimani wakawa wananyamaza nikifika, na mmoja akaniuliza bila kuniangalia kama hilo jicho linaona usiku.

Masanja alinifuata asubuhi moja nilipokuwa nikianika majani ya kunde. Alikuwa mtu mkubwa, mpiga ngoma, na sikuwahi kumwona akitafuta maneno.

"Nyamizi," alisema, "mimi siwezi kukulinda."

"Wamesema?"

"Hawajasema. Ndiyo maana naogopa."

Akanirudisha mjini kwa mkokoteni ule ule. Aliniacha mwanzo wa mtaa, maana aliona haya kufika kwenye ule ua.

Mama Ramadhani alikuwa anapepeta mchele. Nilimsalimu, "Shikamoo, dada." Siku zote kabla ya hapo nilikuwa nampa salamu ya kupita. Akaitika, "Marahaba," akaendelea kupepeta.

"Kaka yako alisema nimekukaba," akasema baadaye.

"Alisema."

"Na wewe ulisemaje?"

"Sikuwa na ulimi."

"Sasa unao."

"Sasa ninao. Nimekuja unishike."

Akaweka ungo chini. Kuku wakaja kula pembeni ya ungo, naye hakuwafukuza. "Nikikuua?"

"Wameanza kuniua kule," nikamwambia. "Hapa angalau nitaona mkono."

Hakusema ndiyo. Aliinuka akaingia ndani, akatoka na sahani ya bati na kijiko. Akaviweka mbele yangu. "Gunzi halina sauti," alisema. "Utashika hiki, mkono juu ya sahani. Kikianguka nitakisikia hata nikiwa Tabora."

Tukaanza upya, punje chache. Mtama ukaiva, pamba ikafunguka, lori za Wahindi zikapita na marobota. Kijiko kilianguka mara nyingi. Kila kilipolia juu ya bati aliachia upesi kama aliyeungua. Mwisho ikafika siku aliyomaliza mzunguko wa tasbihi na kijiko kipo mkononi. Akamaliza wa pili. Akaachia mwenyewe, akanyoosha vidole vyake vilivyokuwa vimekakamaa, akasema, "Basi. Kamwambie huyo daktari wako."

Bwana Sefu alikuwa machimboni. Aliyenipeleka Mwanza kwa treni alikuwa Mama Ramadhani. Zena alibaki kwa jirani. Hospitali ya Mwanza tuliwekwa wodi ya wanawake, yeye chini ya kitanda changu kwenye mkeka, akipika uani pamoja na jamaa za wagonjwa wengine. Tuliambiwa tungoje. Mpasuaji alikuwa safarini, akarudi, akawa na wagonjwa wa ajali ya machimbo. Watu wa vitanda vya jirani walikuja wakaondoka, wengine kwa miguu yao. Mwanamke wa Ukerewe aliyelala karibu nami alikuwa na uvimbe tumboni. Alinipa samaki wa kukaanga jioni, asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya. Mama Ramadhani alikula yule samaki aliyebaki, kwa sababu, alisema, marehemu hakumtoa ili atupwe.

Nawaeleza upasuaji kama nilivyoupata, maana kutojua ndiko kunakotisha. Hawakunilaza usingizi. Walinichoma sindano za ganzi shingoni, wakafunika uso wangu kwa kitambaa, nikawa macho. Walitaka niseme na nichezeshe vidole vya mkono wa kushoto wakati wote. Dresa mmoja aliketi karibu nami akiniuliza majina: ya baba yangu, ya mwanangu, ya ng'ombe wa kwetu. Sikuona kisu. Nilisikia kuvutwa, kama mtu anapovuta uzi kwenye nguo uliyoivaa. Kisha mvukuto ukapungua, ukapungua, ukanyamaza. Dresa akauliza, "Vidole?" Nikavichezesha. Juu ya paa la bati kunguru walikuwa wakitembea. Nilisikia kucha zao.

Sasa niwaambie ukweli, maana wengine wakisimulia huishia hapo. Jicho lilirudi mahali pake polepole kiangazi chote, wekundu ukaisha, lakini nuru ya jicho haikurudi ila kivuli tu. Mkono wa kushoto unachoka mapema. Na mvua zilipoanza, sauti ikarudi. Ni ndogo, ya mbali, kama mhunzi aliyehamia kijiji cha pili. Daktari wa Shinyanga aliisikiliza, akasema mishipa midogo imetafuta njia, na kwamba nikiweza kuishi nayo nisimruhusu mtu kunifungua tena. Ninaishi nayo. Siku nyingine naiogopa. Nikiona kichwa kinauma ghafla, naketi chini nikangoja nione kama ndiyo ile damu iliyowamwagikia wengine. Mpaka leo haijawa.

Na mgonjwa akiniuliza amtafute nani wa kumbonyeza, namwambia asimchague anayempenda kupita wote. Huyo atalegeza.

Wiki tuliyorudi kutoka Mwanza, baada ya sala ya alasiri, Mama Ramadhani alivuka ua na mkeka wake. Alikwisha kuutandika ndipo akakumbuka kwamba hakuna kazi. Akaketi vivyo hivyo. Nami nikaketi. Zena alikuwa akicheza nje na wenzake.

Nikamwuliza, "Dada, siku ile ya chumba. Gunzi lilipoanguka, hukuliona?"

Aliitazama mikono yake. Sikumharakisha.

"Niliona uso wako umetulia," alisema. "Miezi yote ile sikuwahi kuuona umetulia. Nikasema, nimwache apumzike kidogo." Akakunja vidole vyake. "Kama moyoni mwangu mlikuwa na jambo jingine, Mama Zena, Mungu analijua. Mimi sikulitazama."

Tuliketi pale mpaka kivuli cha nyumba kilipoufikia ua wote, kisha akaniambia niinuke nimpe mkono tukunje mkeka, nami nikashika ncha ya upande wangu kwa mkono wa kushoto, ule daktari aliosema hauwezi.